Kuyapima matetemeko ambayo hayakupimwa: shajara ya mradi

Siku ya 1

Nimefungua jedwali jipya na kuweka safu tatu: tarehe, mahali, ukubwa. Anayetaka kujua ardhi ya mahali fulani inaweza kutikisika kwa nguvu gani miaka hamsini au mia tano ijayo hana pa kuanzia ila kwenye matetemeko yaliyokwisha kupita. Mlinganyo wa wanasayansi Gutenberg na Richter humwonyesha ni mangapi ya ukubwa fulani hutokea kwa mwaka, na hesabu ya hatari aliyoiasisi mhandisi Cornell mwaka 1968 inaanzia hapo hapo. Ukikosea ukubwa, kosa linashuka nawe hadi kwenye unene wa nondo za nguzo.

Shida ni kwamba mashine za kupima matetemeko zina umri wa karne moja na ushei, ilhali ufa mkubwa unaweza kulala miaka mia tatu, elfu moja, hata zaidi, kabla ya kuachia. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ninachokitafuta haikupimwa na mtu yeyote. Nimeamua kuchukua kwanza matetemeko mashuhuri ya pande mbalimbali za dunia na kujaribu juu yake kila njia ya kukadiria ukubwa, ndipo niiguse orodha ndefu.

Jioni nimejaza safu ya ukubwa haraka haraka, nikichukua namba ya kwanza niliyokutana nayo. Naandika hapa ili nisije nikasahau kwamba nilifanya hivyo.

Siku ya 3

Mambo yameanza kuharibika mapema. Tetemeko la San Francisco la 18 Aprili 1906 nilikuwa nimeliandikia 8.3. Nikageuka nikakuta 7.9, pengine 7.8. La Chile la 22 Mei 1960: huku 8.5, huku 9.5. Kati ya 8.5 na 9.5 kuna tofauti ya nishati ya mara 32 hivi, si jambo la kufumbia macho. Nikadhani mtu amekosea kunakili. Kumbe hakuna aliyekosea. Vipimo ndivyo tofauti.

Richter alipotunga kipimo chake mwaka 1935 alikuwa anashughulika na kusini mwa California na mashine ya aina moja tu, Wood-Anderson. Mashine iliyo kilomita 100 kutoka kwenye kitovu ikichora wimbi la kimo cha milimita 1, tetemeko hilo ni la 3. Namba ikipanda moja, kimo cha wimbi kinazidi mara kumi. Baadaye yeye na Gutenberg wakapata njia ya kupima matetemeko ya mbali kwa mawimbi yanayosafiri juu ya uso wa ardhi, yale ambayo wimbi moja huchukua kama sekunde 20 kupita. Ni kipimo kizuri, ila kinashiba. Tetemeko kubwa mno hupasua ardhi kwa dakika kadhaa, na wimbi la sekunde 20 haliwezi kubeba habari yote hiyo. Ukishapita 8 na kitu, namba inagoma kupanda hata kama tetemeko lenyewe limekuwa kubwa mara kumi zaidi. Kamba ya mita kumi ikiteremshwa kwenye kisima cha mita mia huleta jibu lile lile la kisima cha mita kumi na mbili: haijafika chini.

Dawa ilitoka kwa Keiiti Aki, aliyelichunguza tetemeko la Niigata la 1964 na mwaka 1966 akahesabu momenti yake: eneo la ufa lililopasuka, mara umbali ambao pande mbili za ufa zilitelezeana, mara ugumu wa mwamba. Momenti haishibi. Kanamori mwaka 1977, kisha Hanks na Kanamori mwaka 1979, wakaigeuza iwe namba inayofanana na zile watu walizozizoea. Kwa kipimo hicho Chile ni 9.5, na Alaska ya 1964 ni 9.2.

Safu ya nne imezaliwa: aina ya kipimo. Namba isiyo na aina nimeipaka rangi nyekundu. Karibu jedwali zima ni jekundu.

Siku ya 4

Nimejaribu kuhesabu momenti ya 1906 mwenyewe. Mpasuko ulikuwa na urefu wa kilomita 470 hivi. Kina nimechukua kilomita 12, mteleko wa wastani mita 4, ugumu wa mwamba paskali bilioni 30.

Jibu: 12.5.

Tetemeko la 12.5 lingehitaji ufa ambao dunia hii haina mahali pa kuuweka. Nilikaa nalitazama jibu kwa muda, nikacheka, kisha nikatafuta. Makala za zamani huandika momenti kwa daini na sentimita, za sasa kwa newtoni na mita. Kati ya hizo mbili kuna sufuri saba. Mimi momenti nilikuwa nimeihesabu kwa vipimo vya makala ya zamani na mlinganyo nimeuchukua kutoka kwenye ya sasa. Sufuri saba, zikizidishwa kwa theluthi mbili, ni 4.67 ya ukubwa. Nilipozirudisha mahali pake nikapata 7.8.

Na hiyo ni kwa sababu kosa lilikuwa kubwa kiasi cha kuchekesha. Lingekuwa la 0.4 ningelipitisha bila kujua.

Jambo moja limenipa moyo: nikiongeza mteleko mara mbili, kutoka mita 4 hadi 8, ukubwa unapanda 0.2 tu. Momenti inavumilia ujinga wangu kwa kiasi.

Siku ya 9

Leo nimekwama penye raha.

Kwa tetemeko la zamani ambalo halina mashine, mara nyingi kilichobaki ni kovu ardhini. Wells na Coppersmith mwaka 1994 waliyapitia mamia ya matetemeko, wakabaki na 244 yaliyochunguzwa vizuri, na kutoa milinganyo: nipe urefu wa mpasuko uliofika juu ya ardhi nikupe ukubwa, au nipe mteleko nikupe ukubwa. Milinganyo hii imetumika kila pembe ya dunia. Nikasema niijaribu kwa 1906, tetemeko ambalo jibu lake tunalo, nikitumia ile ya nyufa ambazo pande zake hupishana kwa ubavu, maana ufa wa San Andreas, uliopasuka mwaka 1906, ndivyo ulivyo.

Kwa urefu wa kilomita 470 napata 8.15.

Kwa mteleko wa wastani wa mita 4 napata 7.58.

Tetemeko lile lile. Nikarudia hesabu mara tatu nikiwa na kumbukumbu chungu ya juzi, lakini safari hii hakuna sufuri zilizopotea. Ndipo nikakumbuka kwamba kila mlinganyo ulikuja na mkengeuko sanifu wake, yaani kipimo cha jinsi majibu yanavyotawanyika, nami niliuacha nyuma kama mtu anavyoacha risiti dukani. Yote miwili ina 0.28. Ukitoa 0.28 kwenye 8.15 unapata 7.87. Ukijumlisha 0.28 kwenye 7.58 unapata 7.86. Majibu mawili yaliyoonekana kugombana yanakaribia kugusana, na mahali yanapokaribia kugusana ndipo hasa lilipo jibu la wataalamu wa sasa, 7.8 hadi 7.9.

Kwa nini urefu unazidisha? Sehemu ya ufa inayoweza kupasuka kwa kishindo ina kina chenye mwisho. Chini zaidi mwamba una joto na hujikunja badala ya kukatika. Mpasuko wa kilomita 470 wenye kina cha 12 ni utepe mrefu mwembamba, na mingi ya mipasuko iliyotumika kutunga mlinganyo ilikuwa mifupi zaidi.

Mteleko nao una mtego wake. Mwaka 1906, karibu na Olema, kaskazini mwa San Francisco, barabara ilikatwa na vipande vyake vikaachana kama mita 6. Kusini, mwishoni mwa mpasuko, pande ziliachana chini ya mita 2. Sasa tuseme hakuna maandishi, karne nyingi zimepita, na mchunguzi anachimba handaki moja tu kuvuka ufa. Akichimba kaskazini na kuichukua mita 6 kama wastani atasema 7.7. Akichimba kusini atasema 7.3 au chini ya hapo. Wote wawili wamepima vizuri kabisa walichokiona.

Safu ya tano: shaka. Nimeipa jina hilo kwa sababu "kosa" lingenifanya nione kwamba kuna mtu wa kulaumiwa.

Siku ya 11

Tarehe tu. Tetemeko moja limeingia mara mbili kwa sababu mwandishi mmoja alitumia kalenda ya Juliasi na mwingine ya Gregori, tofauti ya siku kumi. Likiachwa hivyo, ufa unaonekana una bidii mara mbili ya ilivyo. Nimeandika programu ndogo ya kuwinda jozi zinazopishana siku kumi, kumi na moja au kumi na mbili. Siku nzima imeishia hapo.

Siku ya 15

Sasa tumefika kwa watu. Kabla ya mashine kulikuwa na barua, magazeti, vitabu vya makanisa na mahakama. Mtu anaandika: kengele zilijipiga zenyewe, mabomba ya moshi yalianguka, kitanda kilitembea. Maneno hayo yanageuzwa kuwa daraja la ukali wa mtikisiko, kutoka I hadi XII kwa kipimo cha Mercalli kilichorekebishwa. Ukali si ukubwa, ingawa hata redio huvichanganya. Ukubwa ni mmoja kwa tetemeko zima. Ukali ni wa mahali ulipokuwa umesimama.

Mfano wangu ni New Madrid, katikati ya Marekani: matetemeko makuu ya 16 Desemba 1811, 23 Januari 1812 na 7 Februari 1812, yaliyosikika hadi pwani ya mashariki. Mwaka 1996 Johnston aliyakadiria karibu na 8. Mwaka 2000 Hough na wenzake wakayarudia maandishi yale yale na kuyashusha hadi kati ya 7.0 na 7.5. Kati ya 8 na 7.3 nishati inatofautiana zaidi ya mara kumi, na maandishi ni yale yale!

Kilichobadilika ni swali. Hough na wenzake waliuliza: walioandika barua hizi walikuwa wanaishi wapi? Kandokando ya mito, kwani mwaka 1811 mto ndio ulikuwa njia kuu. Na kando ya mto kuna udongo laini uliojaa maji, ambao hukuza mtikisiko. Mtu aliye kilimani juu ya mwamba alitikiswa kidogo, tena huenda hakuandika chochote, au hakuwepo kabisa. Ukichora ramani kutokana na barua hizo bila kujiuliza, umepima udongo wa mabondeni ukadhani umepima tetemeko.

Kuna mtego wa pili eneo hilo. Mwamba wa mashariki ya Amerika Kaskazini ni wa kale, baridi na mgumu, hivyo hupeleka mawimbi mbali. Tetemeko la Virginia la 23 Agosti 2011 lilikuwa 5.8 tu, na lilisikika kutoka Georgia hadi Kanada. Anayetumia ukubwa wa eneo lililosikia kama kipimo, kwa kanuni iliyotungwa California, atalipa tetemeko la mashariki cheo ambacho si chake.

Siku ya 16

Nimeandika programu ya njia ya Bakun na Wentworth ya mwaka 1997. Naipenda kwa sababu haikuombi uchore mistari laini kwenye ramani, mistari ambayo huficha maamuzi mengi ya mkono uliochora. Kila ripoti ni nukta. Unajaribu kitovu hapa, pale, kule, na kwa kila jaribio unauliza: tetemeko la ukubwa gani lingetoa ukali huu kwa umbali huu? Kitovu ambacho nukta zote zinakubaliana vizuri zaidi ndicho kinachoshinda.

Kwa milinganyo yao ya California, ukali wa VI kwa kilomita 100 unatoa 6.8, ukali wa VII kwa umbali huo huo unatoa 7.4 kasoro kidogo. Daraja moja la ukali ni 0.6 ya ukubwa. Sasa chukua sentensi "kuta kadhaa ziliharibika". Ni VI au VII? Nimejaribu kuzipa madaraja ripoti kumi asubuhi, nikazirudia jioni bila kutazama majibu yangu. Tatu nilizipa daraja tofauti. Mimi mwenyewe, siku moja, jedwali moja. Wingi wa nukta unasaidia kusawazisha, lakini matetemeko mengi ya zamani yana nukta nne au tano tu, basi.

Shaka kwa kundi hili nimeweka 0.5.

Siku ya 21

Mashine za mwanzo. Nilidhani zikianza mashine tumepona.

Mashine za Milne, zilizosambazwa sehemu nyingi za dunia tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19, hazikuwa na kizuizi cha kuituliza pendulamu. Ikisukumwa na wimbi inaendelea kubembea kwa raha zake, na mchoro unajaa mibembeo ambayo ardhi haikuifanya. Mashine za Wiechert zilizofuata ziliwekewa kizuizi hicho, na namba zake zinaaminika zaidi. Hapo ndipo tetemeko la Rukwa la 13 Desemba 1910 linapoingia: halikuwa na mashine karibu, lakini Ambraseys aliyarudia maandishi ya vituo vya mbali na kulipa 7.4 kwa mawimbi ya uso wa ardhi. Kwa Afrika Mashariki hilo ni miongoni mwa makubwa kuliko yote yaliyopimwa kwa mashine.

Kwa miaka ya 1904 na kuendelea ipo ISC-GEM, katalogi ya matetemeko ya dunia nzima, ambapo watu wameketi na kuhesabu upya mahali na ukubwa kwa utaratibu mmoja, tena kila namba na shaka yake. Nimeanza kubadilisha nayo mistari yangu. Nyekundu inapungua.

Siku ya 27

Matope na mchanga. Hii ndiyo sehemu iliyonifanya nianze mradi.

Pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini, kutoka kaskazini mwa California hadi kisiwa cha Vancouver, haikuwa na tetemeko kubwa mno hata moja kwenye maandishi. Brian Atwater akachimba kwenye vinamasi vya jimbo la Washington akakuta nyasi za nchi kavu zimefunikwa ghafla na mchanga wa bahari na matope ya maji ya kujaa na kupwa: ardhi ilizama kwa mpigo mmoja. Mierezi iliyokufa bado imesimama, na pete zake zinaonyesha iliishi hadi mwaka 1699, ikafa kabla ya msimu wa kukua wa 1700 kushika kasi. Upande wa pili wa bahari, Japani, waandishi walikuwa wameacha habari za tsunami isiyo na tetemeko, usiku wa 27 Januari 1700. Satake na wenzake wakaunganisha: ukirudisha saa za mawimbi kuvuka Pasifiki, ardhi ilipasuka huko Amerika tarehe 26, yapata saa tatu usiku.

Na ukubwa? Kimo cha maji Japani kilikuwa mita kadhaa. Mpasuko mfupi hauwezi kupeleka maji ya kimo hicho umbali wote ule. Inabidi upasuke karibu ufa mzima, kilomita elfu moja hivi. Wamefika kati ya 8.7 na 9.2. Shaka ni pana, lakini tetemeko hilo halina hata mstari mmoja kutoka mashine yoyote.

Kinyume chake ni Jogan, Japani, mwaka 869. Tsunami yake iliacha tabaka la mchanga kwenye uwanda wa Sendai. Wachunguzi wakatafuta tetemeko dogo kuliko yote linaloweza kufikisha maji pale mchanga ulipoishia, wakapata 8.4 hivi. Kisha ikaja 11 Machi 2011, tetemeko la 9.0, kwenye uwanda ule ule. Walipokwenda kupima walikuta mchanga unaoonekana umeishia kama kilomita tatu kutoka pwani, huku maji yakiwa yamepita kilomita nne. Mbele ya mchanga kulikuwa na tope jembamba ambalo miaka elfu moja ingelifuta. Hesabu ya Jogan ikarudiwa kwa kuzingatia hilo na kufika angalau 8.6, maana yake nishati mara mbili ya awali.

Nimekaa na neno "angalau" leo nzima. Shaka yangu hadi sasa nimeiandika kama jumlisha-toa, sawa pande zote. Jogan haina pande sawa. Nimegawa safu ya shaka kuwa mbili: chini na juu.

Siku ya 30

Kuondoa matetemeko-wafuasi, yale madogo yanayofuata lililo kubwa, kwa madirisha ya muda na umbali ya Gardner na Knopoff, kisha kuangalia kila ukubwa orodha imekamilika tangu mwaka gani. Kazi ya mikono, haina hadithi.

Siku ya 34

Nimejiuliza: shaka hii yote inaleta tofauti gani mwishoni? Nilitegemea kwamba mengine yatakuwa yamezidishwa, mengine yamepunguzwa, yakatoshana. Nikatengeneza matetemeko 100,000 ya kubuni kwenye kompyuta, kuanzia 4, yakifuata sheria ya Gutenberg na Richter: ukipanda ukubwa mmoja, idadi inakuwa sehemu ya kumi. Ya 6 na zaidi yalikuwa takriban 1,000. Kisha kila moja nikalipa kosa la bahati nasibu la mkengeuko wa 0.3, nikahesabu tena.

Yakawa kama 1,270.

Kwa 0.5, karibu 1,940.

Hayatoshani hata kidogo, na sababu ni rahisi mno hadi nikaona haya. Chini ya kila mstari kuna matetemeko madogo mengi kuliko yaliyo juu yake. Kosa likiyasukuma yote huku na huku, yanayopanda ni mengi kuliko yanayoshuka. Tinti na Mulargia walishalionyesha hilo kwa hesabu mwaka 1985, na namba zangu zinaingia kwenye mlinganyo wao. Kwa hiyo kundi langu la barua na kengele, lenye shaka ya 0.5, linafanya ardhi ionekane na makubwa karibu mara mbili ya iliyo nayo, bila mtu yeyote kudanganya.

Nikaandika marekebisho na kuyapitisha kwenye jedwali lote. Kiwango cha 6 na zaidi kikashuka vizuri. Nililala mapema.

Siku ya 35

Nilifurahi mapema mno. Marekebisho yale ni ya ukubwa uliopimwa kisha ukapata kosa. Lakini mistari yangu mingi haikupimwa, imetabiriwa. Nilichukua ukali au kipimo cha zamani, nikakipitisha kwenye mlinganyo wa wastani, nikaandika kilichotoka. Mlinganyo wa wastani unayabana matetemeko kuelekea katikati: lililokuwa kubwa kuliko desturi na lililokuwa dogo kuliko desturi yote yanapewa namba moja. Hapo idadi ya makubwa imepunguzwa, na marekebisho yanatakiwa yaelekee upande wa pili. Jana niliyashusha yaliyostahili kupandishwa.

Safu ya shaka haitoshi peke yake. 0.5 ya kosa la upimaji na 0.5 ya mlinganyo ni tarakimu zile zile zenye kazi mbili zinazopingana, na hakuna mahali kwenye jedwali panaponiambia ipi ni ipi. Nimeongeza safu moja zaidi, njia, yenye majibu matatu tu: lilipimwa, lilitabiriwa, lilifukuliwa. Nimefuta hesabu za jana na kurudi mstari wa kwanza, San Francisco, ambao bado una 8.3 niliyoiandika siku ya 1.